Ipi Kali, ya Mkanda au ya Cheni?

Nyie vijana wa kijiwe cha hapa Tegeta, kaeni chini. Juzi mmenijia na simu, mkaniwekea video puani, jamaa kavaa helmeti inayong'aa anaongea mbio mbio kama muuza sumu ya panya, halafu mkaniuliza, "Babu, kati ya hizi mbili ipi kali, ya mkanda au ya cheni?" Shikamoo zenyewe mlizitoa huku macho yapo kwenye kioo. Kisha mmoja wenu, na anajijua, akasema, "Tukamuulize Sista Stendi!" Mkaangua kicheko wote. Wallahi damu ilinipanda. Ningekurushieni spana, ila goti lilikataa kuinuka.

Leo nimerudi na jibu. Atakayecheka kabla sijamaliza nitamuumbua mbele ya wenzake, na msinijaribu.

Zuhura mnamjua. Ndiye mwenye gereji ya geti la bluu, pale njia ya kupandia Madale. Nilimfundisha kazi tangu hajui kutofautisha spana kumi na spana kumi na mbili, na nilipostaafu nikamwachia gereji na vyombo vyangu vyote. Mpaka mwaka jana pikipiki zenu zilikuwa zinashinda kwake. Sasa anatembea kwa gongo, kibarazani kwake kuku ndio wanalala, na nyie mmemtungia jina. Wiki iliyopita ameniambia anataka kufunga. Anasema hajiamini tena. Hajiamini! Mtu ambaye ningempa roho yangu aifungue na kuifunga. Hilo jina lenu linamuua, na mie nimelisikia mwaka mzima nikiinamisha kichwa. Leo basi.

Tuelewane kwanza pikipiki zenyewe. Kuna makampuni mawili ya ng'ambo, mahasimu tangu enzi za babu zao. Yamezoea kutengeneza yale mapikipiki ya kuegemea, miguu mbele, mikono juu, mtu kakaa kama yupo sebuleni anangoja chai. Sie gereji tunayaitaga makochi. Basi yakaona vijana hawataki kochi, kila moja likatoa pikipiki ya mbio isiyovaa makava, injini yote nje, mabomba nje, kila kitu kinatazamana na wewe. Moja inazungusha tairi la nyuma kwa mkanda wa mpira, nyingine kwa cheni. Majina sitaji. Wenye makampuni hawana kosa lolote kwenye habari hii, na nyie mkisikia jina tu masikio yanafunga, mnabaki kushangilia kama mpo mpirani.

Braza Deo wa Kawe ndiye aliyezitaka. Mtu mzima, ana ofisi yake, ana gari, sasa akataka na pikipiki kubwa ya Jumamosi. Muuzaji mmoja wa Kinondoni alizipokea zote mbili kwenye kontena, zimetumika, akamwachia siku mbili azilinganishe achukue moja. Deo akamletea Zuhura. Zuhura akanipigia simu mie mstaafu: "Baba, njoo na masikio yako."

Masikio hayo alinipa Mzee Akilimali, fundi aliyenifundisha kazi, Mmakonde, alikuwa na kibanda chake Temeke. Alikuwa anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anaubana nyuma ya sikio, anafumba macho. Anakwambia beringi ipi inalia na itakufa lini. Mie siku moja nilifungua injini bila kuisikiliza, nikapigwa kofi ambalo mpaka leo likinijia akilini shavu linawasha. Nyie mnachomeka kompyuta mnasoma namba, sawa, mambo yamebadilika, siku hizi kabureta hamna, kila kona sensa za umeme. Lakini sikio mnalo bure na hamlitumii.

Mzee Akilimali alikuwa na amri moja kubwa kuliko zote. Chochote ulichogusa kwenye pikipiki ya mtu, mwambie mwenyewe. Umevunja, mwambie. Umefunga waya kwa muda, mwambie. Shikeni hapo, nitarudi.

Na niliishikaga kweli, msidhani nilikuwa muongo tangu mwanzo. Mara yangu ya kwanza kukutana na mkanda, mzee mmoja aliniletea kochi lake nilifanyie usafi. Mie kichwa maji nikauona mkanda umekauka, nikasema maskini, huyu hajui kutunza. Nikaupaka grisi vizuri, mbele na nyuma, kama cheni. Kumbe mkanda haupakwi chochote! Grisi ikanasa vumbi lote la Tegeta, ukawa msasa. Mzee kaenda mpaka karibu na Wazo, karudi pikipiki inalia kama mbuzi wa Idi. Nikamwambia palepale, "Mzee wangu, nimekosa, sijui hii kitu." Nikashinda kutwa naosha kwa sabuni na mswaki. Alicheka mpaka akakaa chini, na akabaki mteja wangu miaka. Sasa niambieni, kusema kweli kulinigharimu nini?

Haya, siku ya kwanza tukazilinganisha, na hapa ndipo swali lenu lilipo, sikilizeni. Ya mkanda ni fupi, nzito chini, ukikaa unaona umekaa ndani yake. Ukifungua mafuta inavuta kimya kimya kuanzia chini kabisa, hata gia hubadilishi sana. Ubaya, bomba lake la moshi limepanda juu upande wa kulia, ukikaa kwenye foleni ya Mwenge paja linaiva. Shokapu za nyuma fupi, kila tuta unalipigia salamu kwa kiuno. Na changarawe moja ya Madale ikiingia kati ya mkanda na gurudumu lake, mkanda unatoboka, na huo mkanda huupati dukani pale sokoni.

Ya cheni imesimama juu, mikono mipana, inageuka upesi, kwenye mashimo inapita kama haioni. Lakini nayo tanki lake dogo, injini inakutupia moto miguuni, na cheni inataka kuangaliwa kila wiki. Na msiikaze mpaka iwe kamba ya gitaa kama mnavyofanya kwenye hizi zenu! Cheni inakazwa mtu akiwa amekaa juu, uibonyeze kwa kidole icheze. Mnaikaza tupu, mkipakia abiria wawili na gunia la mkaa inakatika, mnasema cheni za siku hizi feki. Feki nyie.

Zuhura aliandika yote hayo kwenye daftari. Tukabishana kwa raha mpaka jioni. Yeye alipenda ya cheni, mie nilipenda ya mkanda kwa sababu ya uvivu wangu. Deo hakusikiliza hata moja, alikuwa anauliza ipi inapiga kelele zaidi.

Kesho yake asubuhi ya cheni ikaanza kisirani. Unawasha, inawaka. Unaingiza gia, inazima. Zuhura alikuwa ameenda kituoni kununua petroli. Nikainama, nikajua papo hapo. Swichi ya stendi.

Hii mnaijua, maana wote mnayo. Stendi ya pembeni ina kiswichi kidogo. Ukisahau kupandisha stendi ukaingiza gia, kile kiswichi kinazima injini, hauondoki. Kazi yake ni hiyo tu. Sasa huku kwetu malori ya saruji yanapita kutwa, vumbi linaingia kwenye swichi, mvua inalinyeshea, linaganda. Pikipiki inazima katikati ya barabara na abiria nyuma. Mie hapa, mie Ngwele, ndiye fundi wa kwanza huku kuirukisha. Unakata nyaya mbili za swichi, unazisokota pamoja mara tatu, unazikunja, unafunga tepu nyekundu. Dakika tano, injini haitazima tena maisha yake yote. Mafundi wakaniiga. Mkiona tepu nyekundu chini ya pikipiki kuanzia hapa mpaka Bunju, mjue mkono ni wangu au wa mtu aliyeniangalia.

Zuhura peke yake hakuniiga. Tangu anajifunza alikuwa anaitoa swichi, anaiosha, ikishindikana anamwambia mteja anunue mpya. "Baba, wenyewe waliiweka kwa sababu," alikuwa ananiambia. Namjibu, "Waliiweka kwa sababu kwao hakuna vumbi. Acha ushule wako." Wateja wakamcheka, na yeye siku zote akaendelea kuosha swichi zake.

Asubuhi ile nikarukisha. Dakika tano, kama kawaida. Nikajisemea mchana nitaiosha vizuri. Zuhura akarudi na kidumu chake, akauliza, "Ilikuwa nini?" Nikamjibu, "Uchafu tu, nimeshamaliza."

Uchafu tu. Miaka yote ya kofi la Mzee Akilimali, na maneno yaliyonitoka ni hayo. Kwa nini? Kwa sababu angenitazama. Angenitazama tu, bila kusema kitu, na mie sikutaka kutazamwa na mtoto niliyemfundisha mwenyewe.

Tukaenda Madale kwenye mlima kujaribu. Mie goti langu halibebi tena pikipiki nzito, kwa hiyo Zuhura ndiye anaendesha, mie nasikiliza. Deo yeye alikuwa na simu yake anarekodi. "Sista, tazama huku! Sista, cheka kidogo!" Ebo! Mtu anajaribu chombo asichokizoea, wewe unamwambia acheke. Zuhura akapanda ya mkanda, akawasha, akaingiza gia huku bado anamjibu Deo, na stendi ipo chini. Injini ikazima. Akaangalia chini, akacheka, akalipiga tanki kwa kiganja. "Ahsante, mama, umenikumbusha." Akapandisha stendi, akaenda, akarudi salama.

Mnaona? Alisahau. Kila mtu anasahau, mie nimesahau mara mia. Pikipiki ilimkumbusha, ndiyo kazi yake.

Akashuka, akapanda ya cheni. Deo: "Chap chap sista, mwanga unakimbia!" Zuhura akawasha. Mie nilikuwa nimechuchumaa nyuma naangalia sproketi, lile gurudumu la meno la cheni, si mnanijua. Akaingiza gia. Injini haikuzima. Ingezimaje? Akafungua mafuta, akaondoka, na nilipoinua kichwa nikaiona stendi imetoka upande wa kushoto, inaning'inia inchi chache juu ya lami. Nikapiga kelele, "Stendi! Zuhura, stendi!" Nani angenisikia na mabomba yale.

Mteremko ule unakunja kushoto. Akailaza kushoto kama inavyotakiwa, vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha. Stendi ikachimba lami. Tairi la nyuma likanyanyuka, pikipiki ikamtupa upande wa pili wa barabara, mguu ukagonga ukingo wa kalavati. Pikapu iliyokuwa inapanda ilifunga breki hatua mbili kutoka kichwani pake. Hatua mbili, nilizipima kwa miguu yangu.

Nilifikaje pale na goti hili sijui. Alikuwa anajua kila kitu, macho wazi, na neno la kwanza alilosema lilikuwa, "Baba, nimesahau stendi." Watu wakajaa, wakaita bajaji, wakamwinua. Deo bado simu ipo mkononi. Na mie nikafanya jambo ambalo sijamwambia mtu mpaka wiki iliyopita.

Wakati wanampakia kwenye bajaji, mie niliinama kwenye pikipiki. Watu walidhani nazima injini. Nikatoa plaizi mfukoni, nikaukata waya wangu na tepu yake, nikautia mfukoni. Yule binti analia kwa maumivu nyuma yangu, na mie naficha waya. Semeni mtakalo. Sijapata neno baya kuzidi hayo niliyojitukana mwenyewe.

Muuzaji alipokuja kuchukua pikipiki alikuta swichi haina waya, akasema imekatika kwenye ajali. Deo akaichukua ya mkanda, akisema ya cheni inaangusha watu. Video yake ikazunguka kwenye makundi yenu yote, mkaiweka na muziki wa singeli. Mafundi wa hapa, tena wengine niliwafundisha mie, wakasema, "Mwanamke na pikipiki kubwa wapi na wapi." Mkamwita Sista Stendi. Nami nilikuwepo, mara ngapi? Nimekaa kwenye benchi hilihili, nakunywa kahawa, nasikia, nameza. Mkanipa hata pole: "Babu, umepoteza nguvu zako bure kumfundisha." Nikaitikia!

Hospitali nilikwenda karibu kila siku. Walimwekea vyuma mguuni. Kila nikikaa kitandani pake nafungua mdomo, na kila mara ananiwahi: "Baba, ulinifundisha vizuri, sijui nilikuwa nawaza nini." Mtu anakuomba msamaha kwa kosa lako. Jaribuni siku moja kukaa na hilo kifuani, halafu mje mniambie ipi kali.

Wiki iliyopita ndipo akaniambia anafunga gereji. Alikuwa anapanga spana kwenye boksi, moja moja, anazifuta kwanza. Akasema, "Fundi anayesahau stendi mara mbili kwa siku moja atasahau na breki ya mtu. Bora niache kabla sijaua." Nikaona sasa nimemla mzima mzima. Nikatoa ule waya mfukoni. Nilikuwa nao mwaka wote, nikibadili suruali nauhamisha. Nikauweka juu ya meza.

Hakuuliza ni nini. Aliuchukua, akaubandua tepu nyekundu taratibu, akahesabu. "Mara tatu," akasema. Akakaa. Nikamweleza yote, swichi, uchafu tu, plaizi, kalavati. Mie mtu mzima na mvi zangu nililia, na yeye hakulia.

Siku zote ananiitaga Baba. Siku ile aliniita Fundi Ngwele, kama mteja aliyekuja kulalamika. Akasema, "Mimi nimelala miezi nikijilaumu. Kila siku najiuliza kwa nini ile ya kwanza ilizima na ile ya pili haikuzima. Nikasema labda nilipandisha stendi ikashuka yenyewe. Nikasema labda nina ugonjwa kichwani. Wewe unakuja na machungwa, unakaa, unaondoka."

Nikasema, "Nisamehe, mwanangu."

"Hilo la kusamehe liache kwanza." Akafungua boksi, akatoa plaizi yake, akaniwekea kiganjani. "Zipo ngapi hizi barabarani?"

Nikamwambia sijui, nyingi.

"Basi nenda kijiweni kawaambie kwa mdomo wako, mimi sitakusemea. Halafu ukazikate zote. Mimi nitaosha swichi."

Ndiyo nipo hapa. Mnanitazama nini? Kule nyuma mbona kimya, si juzi mlikuwa na kicheko? Wewe uliyesema tukamuulize Sista Stendi, pikipiki yako nyekundu hiyo niliirukisha mwenyewe, ulikuja ukilalamika inazima Wazo, na ulinishukuru. Unapakia watoto wa shule kila asubuhi juu ya waya wangu.

Swali lenu nalijibu sasa. Ya mkanda kwa mtu anayekaa lami tupu, ya cheni kwa njia zetu za huku, Zuhura alikuwa sahihi na mie sikuwa sahihi. Ile ya cheni ilitaka kumzuia asubuhi ile kama mwenzake alivyomzuia. Ilizima, ikazima tena, mie nikaifunga mdomo.

Na kama lazima mtu aitwe Stendi hapa Tegeta, niiteni mie. Mnipigie kelele nikipita sokoni, Babu Stendi, nitaitika.

Haya, simameni. Mmoja mmoja, shusheni stendi, muwashe, muingize gia. Itakayozima, mwenyewe aende zake salama. Itakayokubali kuondoka isiondoke, isukumeni kwa miguu mpaka geti la bluu. Mkifika mseme shikamoo kwanza, mkimtazama usoni. Anaanza na hiyo nyekundu.